Jiwe Lililokuja na Mzigo wa Kuni

Jumatano ya kwanza baada ya Idi, mwaka 1976, Hajira alirudi Kwemigunga saa tisa alasiri na mzigo wa kuni kichwani. Aliutua nyuma ya nyumba namba thelathini na moja, akafungua kamba ya mkonge, akaanza kupasua. Ukuni wa tatu ulikataa shoka. Shoka lilitoa cheche na kupata pengo, ukuni haukupata hata alama. Hajira aliugeuza. Ulikuwa na gome, ulikuwa na nyuzi, ulikuwa na jicho pale tawi lilipochomoza zamani. Urefu wake ulikuwa toka kiwiko hadi ncha za vidole, na ungeweza kuingia jikoni bila kupasuliwa. Alikuwa ametembea tangu alfajiri na hakuwa na nguvu za kubishana na ukuni. Akausukuma katikati ya mafiga, akapuliza, ukashika moto, akabandika maharage.

Maharage yakaiva. Asubuhi yake ukuni ulikuwa bado unawaka na haukuwa umepungua, akachemshia uji. Siku ya tatu akasongea bada ya unga wa muhogo, akapikia na kisamvu. Siku ya nne aliinama kufagia majivu, akaona hakuna majivu ya kufagia. Ndipo alipomwita mumewe.

"Baba Zamda, njoo utazame ukuni wangu. Nadhani ni katika yale mambo yako."

Sadala aliweka randa chini, akaja akipangusa takataka za mbao kwenye kanzu. Alijua hata kabla hajachuchumaa. Roho ilimuuma pale pale, upande wa kushoto, na haikupoa tena.

Sadala alikuwa seremala, na kwa miaka kumi na minane alikuwa akikusanya miti iliyogeuka mawe. Katika Handeni na Korogwe hapakuwa na mwingine mwenye shughuli hiyo, na watu walimwachia kwa moyo mmoja. Jumapili alishika njia, akapita kwenye makorongo ya mito iliyokauka, akiokota. Alikuwa na taratibu zake. Kwanza alipima kwa mkono, maana mti-jiwe huwa mzito kuliko macho yanavyodhani. Kisha kisu: kikichimba mkwaruzo alitupa, kikiteleza na kuacha rangi ya chuma chake juu ya jiwe alihifadhi. Kisha ulimi. Alilamba kichwa cha jiwe, kwa sababu likilowa duara za miaka hujitokeza, akazisoma kwa kioo cha fundi saa alichokinunua dukani kwa Shamshudin, Korogwe ya zamani. Nyumbani alikuwa na vipande vya mbao vilivyorandwa vichwa: mvule, mninga, mpingo, mkongo, mkwaju. Alilinganisha jiwe na ubao, akatoa hukumu, akabandika plasta yenye namba na jina. Namba moja, mninga. Namba saba, mvule. Mawe arobaini na moja yalikaa kwenye rafu alizozitengeneza mwenyewe, ndani ya chumba ambacho Hajira alikitaka kiwe cha mahindi.

Alichokitaka Sadala kilijulikana. Mwaka 1958, akiwa kibarua kwenye shamba la mkonge upande wa Mombo, aliokota kisiki kizima cha jiwe, akampelekea msimamizi wake, Mzungu. Msimamizi alikisafirisha kwao. Baada ya mwaka alimwonyesha picha: kisiki kimo ndani ya kabati la kioo, na chini yake kuna kadi. Sadala hakujua Kizungu, ila jina la msimamizi alilijua, kwa sababu lilikuwa limepigwa chapa kwenye magunia ya posho. Lilikuwa ndilo jina lililokuwa kwenye kadi. Tangu siku hiyo alitaka kadi moja yenye jina lake, chini ya jiwe moja, nyuma ya kioo. Uhuru ulikuja ukamkuta anaitaka. Azimio likaja likamkuta anaitaka. Ilipokuja operesheni ya mwaka 1974 na kuwatoa kwenye mashamba yao ya zamani, alihamisha rafu safari ya kwanza, na vitanda safari ya tatu.

Na sasa jiwe zuri kuliko yote aliyowahi kuyaona maishani lilikuwa chini ya sufuria ya mkewe.

"Umelipata wapi?" aliuliza.

"Kule korongoni, nyuma ya mpaka wa mkonge."

"Korongo lile nimelipita mara sita."

"Labda hukuwa unatafuta kuni," alisema Hajira, akageuza mboga. Hakusema kwa kejeli. Laiti angesema kwa kejeli, Sadala angejua la kumjibu.

Alijikohoza, akachukua sauti yake ya kwenye rafu. "Hili ni mvule."

"Moshi wa mvule naujua, baba Zamda. Huu si mvule."

"Ni nini, basi?"

Hajira alivuta pumzi juu ya moto kama anayeonja chumvi. "Ni mti ambao haujawahi kutoa ua. Una utomvu tu. Unakaribiana na ile misonobari ya Lushoto, tulikoenda kumzika shangazi yako. Na yale yako ya rafuni ni mti huu huu. Siku za mvua nikifagia mle chumbani naisikia harufu yake."

Sadala alisusa chakula siku mbili. Hajira alidhani ni tumbo, akamchemshia majani ya mpera. Aliyachemshia kwenye moto ule ule.

Inafaa kueleza habari ya kuni pale Kwemigunga. Zamani kila mtu alikaa na shamba lake na kichaka chake, na kuni zilikuwa nyuma ya nyumba. Baada ya operesheni nyumba sitini zilipangwa mistari minne iliyonyooka, na mashoka sitini yakala miti yote ya jirani kwa kiangazi kimoja. Wanawake wakawa wanatoka alfajiri na kurudi alasiri, siku moja kuni, siku ya pili shamba, siku ya tatu kuni. Walilifikisha jambo hilo kwenye kamati ya kijiji mara mbili. Kamati, ambayo ilikuwa ya wanaume na ilikula kwa wakati, ililipokea na kuliandika.

Siku ya tano Mwaija wa nyumba ya pili alikuja na kigae kuomba moto. Kwa desturi ya huko jirani hanyimwi kaa la moto, wala mwenye kuomba hashukuru. Huchukua akaenda zake. Hajira alimgongea kipande chenye wekundu pembeni mwa ukuni. Jiwe halikupungua, na kipande kile kilipofika jikoni kwa Mwaija kiliwaka siku nzima bila kuongezwa kitu. Kesho yake wakaja wanne. Haikupita wiki mbili nyumba zote sitini zilikuwa zinapika kwa moto wa Hajira. Mashoka yakaning'inizwa. Wanawake walilala hadi jua lichomoze, jambo ambalo baadhi yao hawakulifanya tangu wavunje ungo. Mwaija alianza kwenda kwenye darasa la elimu ya watu wazima. Wanaume waliona chakula kinakuja mapema, wakasema msimu huu mzuri.

Sadala alipiga hesabu, akaona kwamba katika miaka kumi na minane rafu zake zilitembelewa na watu tisa, wawili kati yao wakikimbia mvua. Jiko la mkewe lilitembelewa na kijiji kizima kila asubuhi, na waliokuja hawakulamba jiwe wala kupima uzito wake. Waliliita moto wa mama Zamda. Wivu ulimkaba hadi akawa anaranda ubao mmoja mara mbili.

Mchana mmoja Hajira alipokuwa shamba, alichukua namba saba, akaichomeka kwenye mafiga ya uani, akaimwagia mafuta ya taa na kuiwasha. Mafuta yaliungua juu ya jiwe, yakazimika kwa haraka kuliko kawaida. Aliimwagia tena. Safari hii kiberiti kilizimika kabla hakijafika. Aliigusa namba saba, ikawa baridi kama mtungi. Hajira aliporudi alimkuta bado amechuchumaa, ananuka mafuta ya taa.

"Iwashe wewe," alisema Sadala.

"Haitawaka. Hiyo uliileta kama jiwe."

Na ndivyo ilivyokuwa. Wanawake nao walikwenda korongoni, wakarudi na mawe ya mti kumi na mawili, mazuri, yenye nyuzi. Hakuna lililoshika moto. Mwaija ndiye aliyeeleza: "Tumeyabeba huku tunajua." Lile la Hajira lilikuwa limefungwa kamba, limepangwa pamoja na kuni nyingine, limebebwa juu ya ngata maili saba kama ukuni, na lilipofika lilifanya kazi iliyobebewa. Jambo lilikuwa wazi na hawakulijadili zaidi. Yale kumi na mawili waliyatumia kuzuia kuku wasiingie bustanini.

Tangu mwaka 1971 Sadala alikuwa ameandika barua saba kwa wakubwa wa mambo ya miamba. Ya nane ilijibiwa. Mwezi wa Novemba, siku ya Jumanne, Land Rover ilisimama mbele ya nyumba namba thelathini na moja, akashuka kijana mwenye miwani na nyundo ndogo. Alijitambulisha kuwa ni Ndugu Simeo, na kwamba kabati la kioo linatengenezwa katika ofisi moja mjini Korogwe, kwa ajili ya mawe ya sehemu hizi. Kila jiwe litakuwa na kadi, na kadi itataja aliyelipata na aliyelitambua. Sadala alimkaribisha kwa mikono miwili. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Athuman, alikuja na kiti chake.

Simeo alitazama rafu zote. Alipima kwa mkono, akakwaruza kwa kisu, kisha akalamba, na Sadala alipoona amelamba nusura amkumbatie. Saa nzima ilipita. Mwishowe kijana alirudisha namba arobaini na moja mahali pake.

"Ndugu Sadala, umeyatunza vizuri sana. Ila haya yote ni mti mmoja. Umeyapa majina ya mbao unazozifahamu, na hilo ni kosa la seremala, nalielewa. Mti huu ulikufa kabla mvule haujakuwepo duniani. Enzi zake hapakuwa na ua hata moja." Alifuta miwani. "Halafu yote yamepasuka, na hakuna lenye gome. Kabati linataka jiwe moja zima."

Sadala alitazama plasta zake arobaini na moja. Mzee Athuman akakohoa na kusema chai iko tayari, na kwamba jikoni kuna jingine, kama mgeni hatajali.

Jikoni Hajira alikuwa anapika wali kwa ajili ya wageni. Simeo alichuchumaa kando ya mafiga, akatazama gome, jicho, duara zilizojipanga bila ufa, na mwali unaotoka kati yake. Alitoa daftari, akaandika: zima, lina gome, linawaka. Akaomba Hajira asogeze sufuria kidogo ili apime urefu.

"Hili ndilo," alisema. "Nani amelitambua?"

Hajira alifungua kinywa kuomba radhi kwa moshi.

"Mimi," alisema Sadala. "Yale ya rafuni nilikuwa nakupima tu, ndugu. Hili nalijua. Ni mti usiotoa ua, wenye utomvu, ndugu yake msonobari."

"Sawasawa kabisa. Umelitambuaje?"

"Kwa moshi."

Upawa wa Hajira ulisimama ndani ya sufuria. Alimtazama mumewe, kisha akaendelea kukoroga. Simeo aliandika neno moshi na kulipigia mstari.

Wakati huo Mwaija alikuwa ameingia na kigae chake, kwa kuwa watoto walikuwa wamemwagia maji jiko lake. Alisimama mlangoni akingoja. Simeo aliuliza kigae ni cha nini, naye mzee Athuman akaeleza yote, nyumba sitini, mashoka, darasa la watu wazima. Kijana alisikiliza, akafunga daftari.

"Kumbe ni moto wa watu. Basi nitalipiga picha niliache. Picha haiwekewi kadi, lakini moto wa watu siwezi kuung'oa kwa amri yangu. Aseme mwenye nyumba."

Mzee Athuman alifungua daftari la kaya. Mbele ya namba thelathini na moja paliandikwa Sadala.

"Baba Zamda," alisema Hajira polepole, "unajua kuni ziko wapi."

Alijua. Maili saba kwenda, maili saba kurudi, na mlinzi wa mkonge katikati. Alikuwa ameyaona mashimo ambayo ngata na mizigo viliyachimba kwenye nywele za utosi wa mkewe. Alijua pia kadi ile inatoka mkononi mwa nani, maana alishawahi kusimama upande wa pili wa kadi kama ile, kwenye picha ya msimamizi. Yote hayo alikuwa nayo kichwani, hakuna alilolisahau. Lakini kando ya hayo aliona kesho asubuhi, kigae baada ya kigae mlangoni kwake, moto wa mama Zamda, moto wa mama Zamda, hadi siku atakayokufa. Hilo lilimshinda.

"Lichukueni," alisema.

Walilifunga kwa magunia mabichi, likafuka mvuke. Wali ulibaki na kiini. Land Rover ilipovuka daraja, majiko sitini yalizimika kwa pamoja, na vile vipande walivyogongewa vikawa kokoto nyeusi. Mwaija akarudi na kigae kitupu. Mzee Athuman aliitisha kamati, kamati ikalipokea suala la kuni, ikaliandika. Kesho yake alfajiri wanawake walishusha mashoka, wakanoa, wakaenda. Kwenye darasa la watu wazima walibaki wazee wanne.

Mwezi wa Januari Sadala alivaa kanzu safi, akapanda basi hadi Korogwe. Ofisi haikuwa mbali na Manundu, aliifikia kwa miguu. Kabati lilikuwa ukumbini, la mninga safi, vioo vinne, na aliona mara moja kwamba bawaba zimefungwa na mtu asiyejua kazi. Ndani yake kulikuwa na jiwe lake. Chini ya jiwe palikuwa na kadi nyeupe iliyopigwa kwa taipureta: Limepatikana na kutambuliwa na Ndugu Sadala Mbaruku, Kwemigunga.

Aliisoma mara nne. Kisha akaona kwamba mlango wa kabati uko wazi, na juu ya jiwe kuna birika la chai linachemka.

"Karibu mzee, shikamoo," alisema mama mmoja mwenye ufagio. Jina lake Agripina, alikuwa mfagizi wa pale. "Unataka chai? Tangu lije hatununui mkaa. Wakubwa wote wanakunywa hapa."

"Marahaba. Hili jiwe ni langu," alisema Sadala, akionyesha kadi.

"Ndiyo wewe? Hongera, mzee." Agripina alimimina chai. "Moto wake mzuri sana."

Sadala alipitisha mkono chini ya birika, akaweka kiganja juu ya jiwe, pale mwali ulipokuwa unatoka. Lilikuwa baridi. Aliweka na mkono wa pili. Birika lilifoka, likamwaga maji ya moto pembeni, na jiwe chini ya viganja vyake lilikuwa na ubaridi wa sakafu. Agripina alimwomba asogee kidogo, akaliondoa birika kwa kipande cha kanga, huku akipuliza vidole vyake vilivyoungua. Sadala alikunywa chai. Ilikuwa ya moto sana, na alimwonea wivu mfagizi, na birika lake pia.

Aliporudi Kwemigunga jua lilikuwa linakaribia kuzama. Kwenye njia ya mkonge alikutana na wanawake wakirudi, mmoja nyuma ya mwingine, shingo zimenyooka chini ya mizigo. Hajira alikuwa wa mwisho. Mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa kitambaa, mkonge ulikuwa umemchoma. Alisimama bila kutua mzigo.

"Umeliona?"

"Nimeliona."

"Na jina lako lipo?"

"Lipo."

Hajira aliitikia kwa kichwa kidogo, kadiri mzigo unavyoruhusu. "Bado linawaka?"

Sadala alimtazama usoni. Hakuna kitu duniani alichokuwa anaweza kumpa mwanamke huyu jioni ile isipokuwa neno moja, ndiyo, nalo alikuwa nalo mdomoni.

"Limezimika," alisema. "Ni jiwe tu. Baridi."

Hajira alinyoosha mkono wake mmoja uliokuwa huru, akamgusa bega.

"Pole, mume wangu," alisema. "Najua ulivyokuwa unalipenda."

Akapita mbele, akichechemea, ili awahi kuwasha moto kabla ya magharibi. Sadala alimfuata nyuma mikono mitupu, akimwonea wivu kwa kuweza kusema vile.